Jiko Lisilowaka Ndani ya Damu

Msomaji wetu mmoja, mama wa Kimombasa anayeishi Riverdale Park, mji mdogo wa Maryland kando ya Washington, anauliza. Mwanawe wa kiume, miaka minne, anaharisha damu na hanenepi. Kinyama kilichochukuliwa utumbuni kimeonyesha granuloma, na daktari amesema ni ugonjwa wa Crohn, yaani uvimbe sugu wa utumbo. Lakini mtoto huyu hutokwa na majipu tangu uchanga, na chanjo ya BCG aliyopigwa alipozaliwa ilimvimbisha tezi za kwapa hadi zikatumbuka usaha. Je, haiwezi kuwa kitu kingine?

Yaweza. Granuloma, yaani vifundo vya chembe za kinga zilizosongamana, si alama ya Crohn peke yake. Kifua kikuu cha utumbo hutoa vifundo hivyohivyo, na kwa mtoto aliyezaliwa Pwani ya Kenya ni lazima kitafutwe. Ila majipu na ile BCG, chanjo yenye bakteria hai, yananivuta kwenye ugonjwa mwingine: ugonjwa sugu wa granuloma, ambao madaktari huuita CGD.

Damuni tuna chembe nyeupe ziitwazo nyutrofili, ambazo kazi yao ni kumeza vijidudu. Kumeza peke yake hakuui. Kinachoua ni kimeng'enya chenye vipande kadhaa: viwili vimekaa kwenye utando, vingine vinaelea ndani ya chembe, mbalimbali, visije vikadhuru bure. Kijidudu kikishamezwa, vipande hukimbiliana, hushikana, na kuanza kusukuma elektroni kwenye oksijeni. Hapo huzaliwa superoksaidi, na kutokana nayo kemikali ya jamii ya dawa ya kung'arishia nguo nyeupe.

Fikiria jiko la makaa lenye mfuniko. Chembe inamnasa mdudu, inamtia jikoni, inafunika. Kwa mwenye CGD makaa yamo, hewa imo, kiberiti hakuna. Mdudu anakaa humo mzima. Majirani wanaitwa, kila mmoja anakuja na jiko lake, nalo halina kiberiti, wanajazana uani. Tena ishara ya kuwaambia watawanyike ni moshi wa jiko lenyewe, kwa maana superoksaidi pia husaidia kutuliza uvimbe. Moshi hautoki, watu hawaondoki, ua unaziba. Ua huo ni utumbo wa mtoto, na msongamano huo ni granuloma.

Kipimo chake cha zamani, kilichoanza miaka ya 1960, kinanifurahisha hadi leo. Tone la damu huchanganywa na rangi ya manjano, chembe zikachokozwa. Nyutrofili nzima hugeuka buluu iliyokolea. Za CGD hazigeuki. Mara nyingi kasoro imo kwenye kromosomu X, ndiyo maana huwapata zaidi wavulana. Sasa pima damu ya mama aliyeirithisha: baadhi ya chembe buluu, baadhi hapana, kwenye kioo kimoja! Kila chembe ya mwanamke huzima X moja kati ya mbili zake, kama alivyoeleza Mwingereza Mary Lyon mwaka 1961, na hapa unauona uamuzi huo kwa macho, chembe kwa chembe. Siku hizi hutumika kipimo cha DHR, ambacho chembe zake hung'aa badala ya kuwa buluu.

CGD ni nadra, takriban mtoto 1 kati ya 200,000 Marekani, na wengi walioambiwa Crohn wana Crohn kweli. Lakini huko Bethesda, jimbo hilohilo la Maryland, taasisi ya taifa ya afya, NIH, imewafuatilia wagonjwa wa CGD kwa miongo mingi. Mwaka 2004 watafiti wake waliripoti wagonjwa 140. Kama theluthi moja walikuwa na maradhi ya tumbo. Mwaka 2010 wakaripoti wagonjwa 5 waliopewa dawa za kuzuia TNF, protini inayochochea uvimbe, ikiwemo infliximab, ambayo ni tegemeo kubwa la wenye Crohn. Matundu ya utumbo yaliziba upesi, lakini maambukizi makali yakaongezeka, na wawili wakafa. Dawa hizohizo huweza pia kuamsha kifua kikuu kilicholala.

Kwa hiyo, mama, usimwachishe mtoto dawa yoyote. Mweleze daktari habari ya majipu na BCG, kisha uombe DHR na vipimo vya kifua kikuu kabla ya sindano yoyote ya infliximab. Ikithibitika ni CGD, kuna dawa za kila siku za kukinga bakteria na kuvu, na kuna kupandikiza uboho. Dada zake nao wapimwe, kwa kuwa wanawake wanaobeba kasoro hii wakati mwingine hupata vipele vya ngozi na vidonda vya mdomo vinavyofanana na vya ugonjwa wa lupasi.