Daftari na Bidhaa: Je, Ramani ya Gemu Inahitaji Faili la Kache? (Sehemu ya Pili)

Juma lililopita tuliishia pale ramani mpya ilipokwisha kuchorwa ndani ya programu ya kuchorea ramani, WorldBuilder, na kuhifadhiwa. Leo tunajibu swali linalowatatiza wengi wanaoanza kazi hii: yale mafaili yanayojizalia kando ya ramani, je, ni lazima yasafiri nayo?

Tubaki na mfano wetu, Command & Conquer: Generals, gemu la vita lililotoka mwaka 2003. Ndani ya folda ya Maps, kila ramani ina folda yake. Humo mna faili la .map, ambalo ndilo ardhi yenyewe: vilima, mito, majengo. Pengine mna map.ini yenye kanuni za ramani hiyo peke yake, map.str yenye maneno, na picha ndogo ya .tga. Nje ya folda hizo limekaa faili moja la kache, MapCache.ini. Lifungue kwa programu ya kawaida ya maandishi, na kwa kila ramani utakuta ukubwa wa faili, namba ya uhakiki, idadi ya wachezaji na mahali kila mmoja anapoanzia.

Hili ni daftari la duka. Bidhaa ziko rafuni. Mwenye duka ameziorodhesha ili asizihesabu upya kila anapoulizwa. Gemu linapoandaa orodha ya ramani, hulinganisha ukubwa wa kila faili la .map na ule ulioandikwa. Ukilingana, huliamini daftari. Ukitofautiana, huifungua ramani, huisoma, kisha huandika upya. Basi ukilifuta MapCache.ini la folda yako, unachopoteza ni muda mfupi wa kusubiri. Wala usimtumie mwenzako. Lake litaandikwa na kompyuta yake. Mtumie folda ya ramani nzima, pamoja na map.ini, kwa sababu hiyo iliandikwa na mtu na hakuna mashine itakayoibuni tena.

Ila tahadhari. Counter-Strike: Source, gemu la mwaka 2004, huweka faili la .nav kando ya ramani ya .bsp, nalo ndilo linalowaonyesha boti, yaani wachezaji wanaoendeshwa na kompyuta, njia za kupita. Lisipokuwapo, gemu linaweza kuikagua ramani yote na kulitengeneza. Lakini mchora ramani anaweza pia kulisahihisha kwa mkono: akaunganisha ngazi ambayo mashine haikuitambua, akayapa maeneo majina. Niliwahi kulifuta la kwangu nikijua litarudi. Lilirudi kweli, bila masahihisho ya jioni tatu, na boti wangu wakaanza tena kusukumana chini ya ngazi ileile.

Faili lile la .nav lilikuwa daftari lenye madeni pembeni, na madeni hayahesabiki kwa kutazama rafu. Kwa hiyo kabla hujafuta, usiishie kuuliza kama faili limeandikwa na mashine. Uliza kama kila kilichomo kinaweza kupatikana tena kutoka kwenye ramani yenyewe. Kikipatikana, futa bila hofu. Kama kuna hata mstari mmoja ulioutia kwa mkono wako, weka nakala kwanza.

Juma lijalo tutaifungua map.ini, mstari kwa mstari.