Mchezo wa Dola: Ni Nani Atakayeitekeleza Sheria?

Askari aliyewahi kucheza drafti kantini baada ya kazi anajua kwamba mchezo una sheria zake, na kwamba kete haiwezi kukataa kusogezwa. Sheria za nchi si hivyo. Amri hutoka makao makuu ikiwa imepigwa mhuri, hufika wilayani ikiwa imechelewa, na huko hukuta watu wenye fikra zao juu yake. Tofauti hiyo ndiyo inayowaumiza vichwa watungaji wa michezo mikubwa ya kompyuta, ile ambayo mchezaji hukabidhiwa dola nzima, pamoja na hazina yake, majeshi yake na raia wake, aiongoze kwa muda wa miaka mia moja au zaidi.

Wako wanaodhani hayo ni mambo ya watoto. Yafaa ifahamike kwamba asili yake ni ya kijeshi. Mwaka 1824 luteni mmoja wa jeshi la Prussia, von Reisswitz, akiendeleza kazi iliyoanzishwa na baba yake, alitoa mchezo wa vita uliochezwa juu ya ramani, kwa vipande vidogo vilivyowakilisha vikosi, pamoja na dadu na majedwali ya kuhesabia hasara. Jenerali von Müffling, mkuu wa maafisa wa mipango ya vita, aliutazama, akapendezwa nao, akaupendekeza kwa jeshi zima. Mchezo huo ulikuwa na mwamuzi. Baadaye majedwali yalizidi kuwa mengi hata maafisa wakachoka, na mwaka 1876 Verdy du Vernois akashauri kwamba majedwali na dadu viwekwe kando, mwamuzi mwenye uzoefu aamue kwa busara yake. Kompyuta haina mwamuzi wa namna hiyo. Kila linaloweza kutokea lazima mtungaji awe ameliandika kabla, na iwapo hakuelewa jinsi serikali zinavyofanya kazi, kila mchezaji atajifunza upotofu huo pamoja na mchezo.

Michezo ya mwanzo ilikata shauri kwa njia nyepesi. Katika Civilization, uliotolewa Marekani mwaka 1991, mchezaji anayetaka kubadili serikali hutangaza mapinduzi, hungoja zamu chache za vurugu, kisha huchagua atakacho: ufalme, ukomunisti, jamhuri au demokrasia. Basi. Ni kweli kwamba chini ya jamhuri na demokrasia vikosi vilivyo nje ya miji huleta manung'uniko kwa wananchi, na hilo si jambo la uongo hata kidogo. Lakini hakuna anayeuliza ni nani aliyeipinga serikali mpya, wala wale waliokula matunda ya serikali ya zamani wamekwenda wapi. Sheria huwashwa na kuzimwa kama taa.

Kampuni ya Paradox ya mjini Stockholm, Uswidi, ilijaribu njia nyingine katika Victoria 3, mchezo uliotoka Oktoba 2022 na unaohusu miaka ya 1836 hadi 1936. Humo raia wamegawanywa katika makundi manane yenye masilahi yao: makabaila wenye ardhi, wenye viwanda, wasomi, watu wa dini, mabwanyenye wadogo, watu wa mashambani, vyama vya wafanyakazi, na majeshi. Kila kundi lina uzito wake kwa kadiri ya mali na idadi ya watu wake, na kila kundi lina sheria linazozipenda na linazozichukia. Mchezaji hawezi kuamka asubuhi akafuta utumwa. Lazima kwanza lipatikane kundi ndani ya serikali, au harakati miongoni mwa raia, linaloitaka sheria hiyo. Kisha mswada huenda hatua kwa hatua. Waweza kusonga mbele, waweza kukwama katika mabishano, waweza kufa. Wanaoupinga wakiwa na nguvu na hasira, huanza kujipanga, na wakiachwa hivyo huenda mchezaji akaamka akikuta nusu ya majimbo yake yamejitenga na vita vya wenyewe kwa wenyewe vimeanza.

Msomaji aliye katika utumishi wa ulinzi atavutwa zaidi na sura za jeshi na polisi. Juu ya polisi kuna njia nne: kutokuwa na polisi kabisa, polisi wa mitaa, jeshi la polisi linalosimama peke yake, na polisi waliofunzwa na kupewa silaha kama wanajeshi. Makabaila huipenda ile ya polisi wa mitaa, na sababu haihitaji kufafanuliwa kwa mtu aliyewahi kuona kituo cha mashambani kikiwa chini ya kidole cha tajiri wa kijiji. Lakini kuipitisha sheria ya polisi hakumleti polisi hata mmoja barabarani. Baada ya kupita, yataka chombo cha utekelezaji kijengwe ngazi kwa ngazi, na kila ngazi yataka makarani, nao makarani wa mchezo huu wanakaa katika majengo ya utawala yanayotumia karatasi. Karatasi ikiadimika sokoni, serikali hudhoofika. Nakiri kwamba katika mambo yote ya mchezo huu, hilo la karatasi ndilo linaloniridhisha zaidi. Afisa yeyote aliyewahi kuandika maelezo ya shahidi nyuma ya fomu iliyokwisha kutumika atalielewa.

Mshahara wa askari nao umewekwa mahali pake. Hazina ikipungukiwa, mchezaji hujaribiwa kuupunguza, kwa kuwa fedha zake ziko karibu na mkono. Akifanya hivyo kundi la majeshi hununa, na ikiwa siku hiyo hiyo anasukuma sheria ambayo maafisa hawaitaki, amejitafutia balaa kwa mikono yake.

Tuupime mchezo kwa mfano wa nchi iliyopita katika mambo hayo hasa. Mwaka 1868 Japan iliuondoa utawala wa Shoguni na kumrudishia mfalme madaraka. Mchezo una sura maalumu ya tukio hilo, na mchezaji hutakiwa kwanza kulipunguzia nguvu kundi la makabaila, ambalo kwa Japan huitwa Shoguni. Hadi hapo ni sawa. Baada ya hapo ndipo kazi ilipokuwa ngumu. Mwaka 1873 serikali ilitangaza kwamba vijana wa tabaka lolote wataweza kuitwa jeshini. Mwaka 1876 ikawakataza samurai kutembea na panga zao, na posho zao za urithi zikageuzwa kuwa hati za mkopo. Tabaka zima la watu waliozaliwa kuwa askari liliambiwa kwamba kazi yao sasa ni ya mtoto wa mkulima. Mwaka 1877 samurai wa Satsuma, chini ya Saigo Takamori, ambaye mwenyewe alikuwa miongoni mwa waasisi wa serikali hiyo mpya, waliinuka.

Sasa, polisi wa Tokyo walikuwa wameundwa mwaka 1874 chini ya Kawaji Toshiyoshi, naye alikuwa mtu wa Satsuma. Wengi wa polisi wake walikuwa samurai wa zamani. Mapigano yalipokuwa makali katika njia ya Tabaruzaka, mwezi Machi 1877, na vijana walioandikishwa kwa sheria mpya wakawa wanashindwa na mashambulizi ya panga, serikali iliteua polisi wenye ujuzi wa upanga, ikawapeleka mbele. Samurai wenye sare za polisi wakawakabili samurai wenzao. Septemba mwaka huo maasi yakakoma, Saigo akafa.

Hapo ndipo mchezo unaposhindwa. Katika Victoria 3 maasi huchora mstari juu ya ramani: majimbo haya ni ya serikali, yale ni ya waasi, na kila kambi humfuata mwenye jimbo. Mstari wa mwaka 1877 haukupita juu ya ramani peke yake. Ulipita ndani ya kituo kimoja cha polisi, ndani ya familia moja, na kila mtu alilazimika kuamua kama kiapo chake kipya kina uzito kuliko damu na asili. Majedwali hayana safu ya jambo hilo.

China yatoa picha ya upande wa pili. Kuanzia Juni 11 hadi Septemba 21 mwaka 1898, mfalme Guangxu alitoa amri juu ya amri kuhusu mitihani, shule, jeshi na ofisi zisizo na kazi. Magavana wengi wa majimbo walizipokea amri hizo wakazikalia. Majeshi ya karibu na Beijing yalikuwa chini ya Ronglu, mtu wa Mama Malkia Cixi, na malkia alipoamua kuushika utawala mfalme alifungiwa kisiwani ndani ya ziwa la ikulu. Hilo Victoria 3 yaliweza vizuri.

Sheria za urithi nazo zina mtego wake. Katika Crusader Kings III, wa kampuni hiyo hiyo, uliotolewa mwaka 2020, mfalme anapokufa nchi yake kwa kawaida hugawanywa baina ya wanawe. Watungaji waliona kwamba bila mgawanyo mchezaji hukua mpaka hana mpinzani, na hapo utamu huisha. Lakini historia haiko mbali nao: wajukuu wa Charlemagne waligawana dola yake mwaka 843. Watu wa pwani yetu wana mfano wa karibu zaidi. Sayyid Said alipofariki mwaka 1856, Majid alishika Unguja na Thuwaini akashika Maskati. Ugomvi wao uliamuliwa mwaka 1861 na Lord Canning, mtawala wa Kiingereza wa India, aliyeagiza Unguja iilipe Maskati riali 40,000 kila mwaka. Mrithi hapo aliamuliwa na nchi ya tatu yenye manowari.

Kasoro kubwa kwa msomaji wa kwetu ni nyingine. Victoria 3 ulipotoka, sehemu kubwa ya bara la Afrika iliwekwa katika fungu la nchi zisizo na serikali kuu. Mchezaji hawezi kuzishika. Zipo tu zikingoja kutawaliwa. Lakini katika Buganda ya karne ya 19 Kabaka aliwateua na kuwaondoa wakuu wa masaza, na wakuu hao waliwajibika kuzitunza barabara zilizoelekea mji wa Kabaka, na kuwatoa watu wakati wa vita. Amri zilisafirishwa na wajumbe kwa miguu, kwa maneno ya mdomo, zikafika na zikatiiwa. Mpango huo haukuhitaji makarani wala karatasi.