Kompyuta yetu ya Lubaga: tulivyopata prosesa kwa pesa kidogo

Mwezi huu tunawaletea habari za kompyuta, maana wengi mmetuuliza kama ya zamani ni ya kutupa tu.

Sisi ni nyumba nne, tunapanga upande wa Nateete. Mwaka jana tulichanga tukanunua kompyuta ya mezani iliyotumika, Dell OptiPlex 7010, ili watoto wasome na akina mama wachape barua zao bila kulipia kila ukurasa. Ndani ilikuwa na prosesa ya Pentium G2020, yenye viini 2. Mtoto akifungua video ya somo na kitu kingine pembeni, basi, inaganda. Fundi mmoja akatuambia, "Hii ni takataka, nunueni mpya." Lakini pesa ya mpya ilikuwa ni karo ya watoto. Tukakataa.

Kabla ya kununua prosesa, hakikisheni kwanza kwamba kosa ni lake. Kwenye Windows, bonyezeni Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja wakati kompyuta imeganda, muone ni kitu gani kimefika asilimia 100. Kwetu ilikuwa diski! Kwa hiyo pesa ya kwanza ilienda kwenye diski ya SSD, ya pili kwenye ramu, kutoka GB 4 hadi 8. Kusema kweli, familia nyingi zingeweza kuishia hapo. Kwetu video ziliendelea kukwama, na safari hii prosesa ndiyo ilikuwa imefika 100.

Hapo tukakosea. Tulienda mjini tukaomba "i5", tukapewa i5. Kufika nyumbani, haiingii. Kumbe ilikuwa i5-4570, ya kizazi cha 4, inayokaa kwenye soketi ya 1150, na yetu ni 1155. Neno i5 peke yake halitoshi. Angalieni tarakimu zinazofuata: kwa OptiPlex 7010 ni zile za kizazi cha 2 na cha 3, zinazoanza na 2 au 3. Nauli ya boda tulilipa mara mbili, na muuzaji alikubali kubadilisha baada ya kelele nyingi. Tukarudi na i5-3470 iliyotumika, yenye viini 4. Ile i7-3770 ilituvutia, lakini kwa kazi zetu tusingeona tofauti ya kulingana na bei yake. Prosesa iliyotumika si ya kuogopa sana, maana haina kitu kinachozunguka ndani. Ila muuzaji aiwashe mbele yenu.

Kuiweka si kazi ngumu, ni kazi ya utulivu. Washeni kompyuta dakika chache ili pesti ya zamani ilainike, kisha zimeni, chomoeni waya wa umeme, bonyezeni kitufe cha kuwashia kidogo, na mguse chuma cha kasha. Legezeni skrubu 4 za kipoza joto kwa zamu, kidogo kidogo, mkivuka pembe kwa pembe. Inueni mkono wa soketi, toeni prosesa ya zamani kwa kuishika kingo tu.

Sasa hapa watoto wakae mbali. Pini ziko ndani ya soketi, nyembamba kama nywele, na ukizipinda madabodi yote imekwisha. Linganisheni pembetatu ya dhahabu na alama ya soketi, laza prosesa, iache ikae yenyewe. Usiisukume hata kidogo. Futeni pesti ya zamani kwa spiriti na kitambaa safi, wekeni mpya ya ukubwa wa punje ya mchele, rudisheni kipoza joto, na msisahau waya wa feni. Ukiwasha, bonyeza F2 usome jina la prosesa.

Yetu ilisoma i5-3470, na akina mama wakapiga vigelegele kama vya harusi.

Kwa nyinyi mnaotumia sola: G2020 ni wati 55, i5-3470 ni wati 77 ikifanya kazi kwa nguvu zote. Kama betri yenu ni ndogo, bakini na ya zamani. Tena, Microsoft haikuweka prosesa hizi kwenye orodha ya Windows 11, na msaada wa kawaida wa Windows 10 uliisha tarehe 14 Oktoba 2025. Sisi tumeweka Linux Mint, ni ya bure, na Wikipedia ya Kiswahili kupitia Kiwix, inayosomeka bila bando.

Anayekuja Kampala na mashine ya aina hii apige hodi jioni. Bisibisi tunayo, na pesti imebaki nusu.