Kupiga Kambi Ziwa Natron: Maji ya Moto Tele, ya Kunywa Haba

Mgeni anayefika Kijiji cha Engaresero, Wilaya ya Ngorongoro, kwa nia ya kupiga kambi karibu na chemchemi za maji moto, hukuta nyika kame iliyotandazwa majivu ya volkano, Mlima Oldoinyo Lengai upande wa kusini, ukuta wa Bonde la Ufa upande wa magharibi, na Ziwa Natron lenye urefu wa takribani kilomita 57. Akitazama haraka ataona kuwa maji si tatizo. Kumbe maji ndiyo jambo la kwanza analopaswa kulipanga kabla hajaondoka Mto wa Mbu.

Chemchemi hizo hutokana na maji yanayopenya ardhini kupitia nyufa za Bonde la Ufa, yakapashwa joto na miamba iliyo chini, kisha yakapanda tena juu yakiwa yamebeba chumvichumvi za miamba hiyo. Humo ndimo yanamotoka magadi, yale yale ambayo mpishi hutia kidogo sana kwenye maharage au makande ili yaive upesi. Ziwa lenyewe halina mto unaotoka, na kina chake hakifikii mita 3 sehemu nyingi. Jua linapokausha maji, magadi hubaki, na ukali wake huongezeka mwaka hadi mwaka wa kiangazi. Maji ya namna hiyo hayafai kunywewa, na yakiingia machoni au kwenye kidonda huunguza.

Wapo wanaodhani kuwa chemchemi, kwa vile maji yake ni safi kwa macho, yanaweza kuchemshwa na kunywewa. Dhana hiyo ni ya hatari. Maji mengi ya ukanda huu wa volkano yana madini ya floraidi kupita kiwango cha miligramu 1.5 kwa lita kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani. Kuchemsha huua vijidudu, lakini hakuondoi floraidi. Maji yanapopungua kwa mvuke, floraidi iliyobaki huwa nzito zaidi. Wakazi wa Arusha wanayajua madhara yake kwa kuyaona: meno yenye rangi ya kahawia na, kwa watoto walioyanywa kwa miaka mingi, miguu iliyopinda. Kituo cha utafiti cha Ngurdoto kimefanya kazi ya kuyachuja maji kwa mkaa wa mifupa, lakini hiyo si kazi ya sufuria kambini. Mgeni wa siku mbili hatapata matege. Hata hivyo, maji ya chumvichumvi humharisha mtu, na kuharisha katika joto linaloweza kuzidi nyuzi 40 mchana si jambo dogo.

Kwa hiyo kila mtu abebe maji yake ya kunywa, yasiyopungua lita 5 kwa siku, na akiba ya siku moja zaidi endapo gari litaharibika au korongo litajaa njiani. Kutegemea kijiji kiwagawie wageni maji si uungwana, kwani Mto Engaresero unaoshuka kutoka kwenye ukuta wa bonde ndio tegemeo la watu na mifugo.

Kuoga katika chemchemi kunawezekana, ila si kila mahali. Baadhi ya macho ya chemchemi yana joto la kumbabua mtu, na tofauti kati ya maji ya uvuguvugu na maji ya kuunguza inaweza kuwa hatua chache tu. Mwongoza wageni wa kijijini anajua ni dimbwi lipi linaingilika. Asiyemchukua kwa kuokoa fedha kidogo huwa amefanya hesabu mbaya. Aliyeungua amwagiwe maji baridi ya kunywa kwa dakika 20, wala si maji ya ziwa; hiyo ni sababu nyingine ya kubeba akiba.

Sabuni isitumike kabisa. Katika vijito vya maji hayo ya moto wanaishi perege wadogo wa jamii ya Alcolapia, samaki ambao asili yao ni maziwa ya Natron na Magadi pekee. Heroe wadogo nao huzaliana katikati ya ziwa, wakijenga viota vya tope mahali ambapo fisi na mbweha hawafiki. Katika Afrika Mashariki hawana mahali pengine pa kuzaliana kwa uhakika. Ziwa hili liliingizwa mwaka 2001 katika orodha ya ardhioevu za Mkataba wa Ramsar.

Magari yasipelekwe ufukweni. Ukoko mweupe unaoonekana mgumu hufunika tope, na gari likizama huko hukosa hata mti wa kufungia kamba. Atembeaye kwa miguu avae viatu vilivyofunika nyayo.

Hema lisisimikwe ndani ya korongo, hata kama mchanga wake ni laini na kuna kivuli. Mvua ikinyesha juu ya ukuta wa bonde, maji hushuka kwa kishindo mahali ambapo mbingu ni nyeupe. Upepo wa alasiri nao ni mkali. Vigingi vipigwe kwa kina au vizibwe kwa mawe. Kuni zisikatwe, kwa kuwa migunga michache iliyopo ni kivuli cha mifugo. Jiko la gesi linatosha. Mifuko ya plastiki, iliyopigwa marufuku nchini tangu Juni 2019, isiletwe, maana mbuzi huila na kufa.

Kabla ya kusimika hema, mgeni aripoti ofisi ya Serikali ya Kijiji au kwa mwenye eneo la kambi. Ada za Serikali hulipwa kwa namba ya kumbukumbu ya malipo, na mlipaji ana haki ya kudai stakabadhi. Hapo hapo aulize zahanati iko upande gani na simu hupata mtandao wapi. Namba ya dharura ni 112, lakini haimsaidii aliye ufukweni bila mtandao. Aulize pia hali ya Oldoinyo Lengai, mlima uliolipuka mwaka 2007 na kumwaga majivu juu ya malisho.