Sura ya mtoto isipotee gizani

Picha za komunyo ya kwanza zinatuhuzunisha mara nyingi: kanzu nyeupe inang'aa, sura ya mtoto imekuwa kivuli tu. Ngozi yake haina kosa. Simu inapima mwangaza wa picha nzima. Ikikuta nguo nyeupe na mbingu, inapunguza. Basi tuguse sura ya mtoto kwenye kioo, ipime hapo. Katika simu nyingi inatokea alama ya jua. Tuisukume polepole mpaka macho yaonekane.

Saa sita mchana jua linatia vivuli machoni. Tumweke mtoto barazani, kwenye kivuli, atazame nje. Sisi tuupe mwangaza mgongo. Flashi ya simu haifiki mbali: ndani ya kanisa tuizime, na padri atashukuru.