Udhamini wa viza kwa walimu wa shule za msingi: Mambo ya kufahamu kabla ya kuondoka Handeni na Korogwe

Walimu wa shule za msingi katika wilaya za Handeni na Korogwe, mkoani Tanga, kama wenzao wa mikoa mingine, hupokea kwenye simu zao matangazo ya ajira za kufundisha nje ya nchi. Matangazo hayo yanafanana kwa jambo moja: yanaahidi kuwa mwajiri atatoa "ufadhili wa viza". Kwa mji kama Korogwe, wenye Chuo cha Ualimu ambacho wahitimu wake wametawanyika katika shule nyingi za mkoa huo, na kwa kijana aliyehitimu na bado anasubiri tangazo la Ajira Portal, maneno hayo yana mvuto wa kipekee. Ajira za namna hiyo zipo na ni halali. Hata hivyo, neno lenyewe "ufadhili" limekuwa chanzo cha hasara, kwa kuwa linaeleweka vibaya.

Katika matumizi ya kawaida ya Kiswahili, mfadhili ni mtu anayelipa gharama, kama anavyofanya anayemsomesha mwanafunzi. Katika sheria za uhamiaji za nchi nyingi, anayetajwa ni mdhamini. Huyu ni mwajiri au taasisi iliyosajiliwa na serikali ya nchi husika, inayoithibitishia serikali hiyo kwamba kazi ipo, mshahara unafikia kiwango kinachotakiwa na mgeni anayekuja ana sifa za kuifanya. Mdhamini anaweza kulipia nauli na nyumba, na anaweza asilipe hata senti moja. Kinachomfanya awe mdhamini ni dhamana yake mbele ya serikali yake. Mwalimu anayeambiwa kuwa "viza imeshafadhiliwa" anapaswa kuuliza maswali mawili: nani amemdhamini, na nani analipa nini.

Uingereza ni mfano mzuri kwa sababu utaratibu wake uko wazi na unaweza kuhakikiwa na mtu yeyote mwenye intaneti. Shule inayotaka kumwajiri mwalimu kutoka nje kwa viza ya mfanyakazi mwenye ujuzi ni lazima iwe na leseni ya udhamini kutoka Wizara ya Mambo ya Ndani ya nchi hiyo. Orodha ya waajiri wote wenye leseni huchapishwa katika tovuti rasmi ya serikali ya Uingereza, na kuisoma ni bure. Shule ambayo jina lake halimo haiwezi kumdhamini mtu, hata kama barua yake ina nembo ya kuvutia.

Baada ya hapo mwajiri humpatia mwalimu kile kinachoitwa Cheti cha Udhamini. Jina hili nalo hupotosha, kwani hakuna karatasi. Ni kumbukumbu ya kielektroniki yenye namba maalumu, na mwalimu huitumia namba hiyo kuomba viza ndani ya miezi mitatu tangu ilipotolewa. Kwa hiyo picha ya "cheti" chenye mihuri na saini za rangi, inayotumwa kwa simu kabla ya usaili wowote kufanyika, haithibitishi chochote.

Kuhusu malipo, zipo gharama zinazomhusu mwombaji kihalali: ada ya viza, kipimo cha kifua kikuu ambacho Watanzania wanaokwenda kukaa Uingereza zaidi ya miezi sita hutakiwa kufanya, na mchango wa huduma za afya ambao kwa mtu mzima ni pauni 1,035 kwa kila mwaka wa viza. Mchango huo hulipwa wote mara moja wakati wa kuomba, hivyo viza ya miaka mitatu humgharimu mwombaji pauni 3,105 kabla hajapata mshahara wa kwanza. Mwajiri anaweza kuzibeba gharama hizo akipenda, na ni vyema jambo hilo liandikwe katika mkataba. Kwa upande mwingine, tozo ya ujuzi wa wahamiaji na ada ya kutoa Cheti cha Udhamini ni mzigo wa mwajiri peke yake, na sheria za udhamini zinamkataza kumrudishia mfanyakazi mzigo huo. Aidha, sheria ya Uingereza ya mwaka 1973 kuhusu mawakala wa ajira hairuhusu wakala kumtoza mtu fedha kwa kumtafutia kazi. Wakala anayemwomba mwalimu wa Kabuku au Mombo fedha za "kununua udhamini" anauza kitu ambacho hakiuzwi.

Sifa za kitaaluma ndizo zinazowaacha wengi nje, na matangazo mengi hayazitaji. Sehemu kubwa ya walimu wa shule za msingi nchini walisomea Astashahada, maarufu Daraja la IIIA, na wengine Stashahada. Hati ya ualimu inayotambulika England huhitaji shahada ya kwanza pamoja na mafunzo ya ualimu yanayolingana na ya huko. Mpango wa Marekani wa kubadilishana walimu, unaotumia viza ya J-1, nao huhitaji elimu inayolingana na shahada ya kwanza ya Marekani na uzoefu wa kufundisha usiopungua miaka miwili. Shule nyingi za binafsi katika nchi za Ghuba huweka sharti kama hilo. Tangazo linalosema cheti chochote cha ualimu kinatosha, umri wowote unafaa na usaili hauhitajiki, linapaswa kutiliwa shaka. Kwa mwalimu mwenye Astashahada au Stashahada na nia ya kweli ya kufanya kazi nje, hatua ya kwanza iko hapa nyumbani, nayo ni kujiendeleza. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992, kina kituo mkoani Tanga na kinamwezesha mwalimu kusoma bila kuacha darasa lake.

Mpango huo wa Marekani unafundisha pia kwamba masharti hubadilika. Katika mpango wa J-1 mdhamini huwa ni taasisi iliyoidhinishwa na Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani, na mwalimu hupewa fomu ya DS-2019 kabla ya kuomba viza. Desemba 2025 Serikali ya Marekani iliiongeza Tanzania katika orodha ya nchi ambazo raia wake wanawekewa zuio la sehemu, linalogusa pia viza za kundi la J, kuanzia Januari 2026. Wakala anayeendelea kupokea fedha za J-1 kana kwamba hakuna kilichobadilika anastahili kuulizwa maswali magumu, na jibu la mwisho litafutwe ubalozini.

Walimu wengi hawatazami upande wa karibu, ambako njia haina utelezi mwingi kama wanavyodhani. Itifaki ya Soko la Pamoja la Jumuiya ya Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 2010, inaruhusu wafanyakazi wa makundi yaliyokubaliwa na kila nchi kufanya kazi katika nchi wanachama, ingawa kibali cha kazi bado huhitajika. Rwanda ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi mwaka 2017. Afrika Kusini, nje ya Jumuiya, ilitangaza mwaka 2018 kukiingiza Kiswahili katika shule zake kama somo la hiari. Huko, mwalimu kutoka nje hufanyiwa tathmini ya vyeti na mamlaka ya sifa za kitaaluma, SAQA, kisha husajiliwa na baraza la walimu, SACE. Hapa nchini, Baraza la Kiswahili la Taifa (BAKITA) lina kanzidata ya wataalamu wa Kiswahili na hutoa mafunzo ya kufundisha lugha hiyo kwa wageni. Mwalimu wa Handeni aliyefundisha kusoma na kuandika darasa la kwanza kwa miaka kumi, katikati ya watoto wanaoanza shule wakizungumza Kizigua, ana ujuzi wa kufundisha Kiswahili ambao hauna budi kuthaminiwa. Ni vyema ajiandikishe.

Maandalizi ya nyaraka huchukua muda kuliko inavyodhaniwa. Pasipoti huombwa kwa fomu ya mtandaoni ya Idara ya Uhamiaji, na mwombaji hufika ofisini kwa alama za vidole akiwa na kitambulisho cha Taifa na cheti cha kuzaliwa. Tatizo linalojirudia ni majina. Mtu ambaye cheti chake cha kidato cha nne kinasomeka Mohamedi, kitambulisho cha NIDA Mohamed na cheti cha kuzaliwa Muhamadi, machoni pa afisa wa viza ni watu watatu. Marekebisho hayo yaanze mapema, kabla ya kutafuta kazi, kwa kuwa mwajiri wa nje hatasubiri. Vyeti vya mitihani huhakikiwa na Baraza la Mitihani la Tanzania (NECTA). Nchi kadhaa, hasa za Ghuba, huhitaji pia nyaraka zithibitishwe na Wizara ya Mambo ya Nje na Ushirikiano wa Afrika Mashariki, kisha ubalozi wa nchi husika.

Chombo cha Serikali chenye jukumu la kuwaunganisha watafuta kazi na waajiri wa ndani na nje ya nchi ni Wakala wa Huduma za Ajira Tanzania (TaESA). Mawakala binafsi nao wanaruhusiwa, lakini kwa leseni chini ya Sheria ya Kukuza Huduma za Ajira. Mwalimu ana haki ya kuuliza namba ya leseni na kuihakikisha kwa mamlaka hizo kabla ya kukabidhi pasipoti au fedha. Anayesafirishwa kwa udanganyifu kisha akatumikishwa ni mwathirika wa kosa lililoainishwa katika Sheria ya Kuzuia Usafirishaji Haramu wa Binadamu ya mwaka 2008, na anapaswa kutoa taarifa Polisi au katika ubalozi wa Tanzania ulio karibu naye bila hofu. Dalili ambazo hazipaswi kupuuzwa ni viza ya utalii au ya masomo kwa mtu anayekwenda kufanya kazi, ahadi kwamba mkataba utasainiwa "mkifika", na wakala anayetaka kubaki na pasipoti.

Jambo jingine lisilosemwa katika matangazo ni kwamba viza yenye mdhamini humfunga mwalimu kwa mwajiri mmoja. Ajira ikikoma, haki ya kukaa nchini humo nayo huanza kuhesabiwa siku. Uingereza, kwa kawaida, humpa mfanyakazi hadi siku 60 kupata mdhamini mwingine au kuondoka. Mwenye mke, mume au watoto walioambatana naye huondoka nao.

Kwa mwalimu aliye katika utumishi wa umma, suala zito zaidi ni namna anavyouacha mlango wa nyumbani. Wapo wanaoondoka kimyakimya wakitumaini kuwa mambo yatajipanga yenyewe. Utoro kazini ni kosa la kinidhamu linaloweza kumfukuzisha mwalimu kazi kupitia Tume ya Utumishi wa Walimu (TSC), na mshahara unaoendelea kuingia katika akaunti yake baada ya kuondoka ni deni kwa Serikali. Njia sahihi ni kuandika barua kwa mwajiri kupitia kwa mwalimu mkuu, kuomba likizo bila malipo au kujiuzulu kwa taratibu, na kusubiri majibu kwa maandishi kabla ya kukata tiketi. Likizo hiyo haitolewi moja kwa moja kwa kila anayeomba, na shule yenye upungufu wa walimu ni sababu ambayo mwajiri anaweza kuizingatia.

Madeni hayabaki uwanja wa ndege. Mkopo wa benki uliokuwa ukikatwa katika mshahara huendelea kudaiwa, na mdhamini wake hapa nyumbani, mara nyingi mwalimu mwenzake, ndiye atakayeanza kupigiwa simu. Mnufaika wa mkopo wa elimu ya juu naye bado anadaiwa na Bodi ya Mikopo (HESLB) hata akiwa ng'ambo.

Pensheni huhitaji hesabu ya miezi. Mwanachama wa Mfuko wa Hifadhi ya Jamii kwa Watumishi wa Umma (PSSSF) huchangia asilimia 5 ya mshahara na mwajiri wake asilimia 15, na sifa ya kulipwa pensheni ya uzeeni ni kuchangia kwa muda usiopungua miezi 180, yaani miaka 15. Mwalimu aliyechangia miaka 12 ana miezi 144, na amebakiwa na 36. Kabla ya kusaini mkataba wa miaka mitatu wa nje, aulize PSSSF nini kitatokea kwa michango yake akijiuzulu sasa, na nini akisubiri hadi miezi hiyo 36 itimie.