Fahamu: Unga wa ndagala Rumonge, Burundi, unahitaji mtaji wa aina gani?

Ukitaka kuuza unga wa ndagala (dagaa) wa kuongezea watoto lishe, anza hesabu kwenye kichanja. Ndagala wakianikwa mchangani huliwa na ndege, hunyeshewa, na unga wake hukwaruza meno. Huko Mvugo, kusini mwa Rumonge, FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, iliwasaidia wakaushaji kuanika juu ya vichanja vya wavu wa waya, na upotevu ukapungua. Ni mbao, waya na misumari tu.

Fedha nyingi humezwa na samaki wenyewe. Nchi 4 za Ziwa Tanganyika zilikubaliana kusimamisha uvuvi miezi 3 kwa mwaka, kuanzia Mei. Nunua akiba mapema, usiku wa giza, taa za wavuvi zinapovuta ndagala kwa wingi. Mbalamwezi ikiwaka, bei hupanda.

Kisha kuna kusaga, vifungashio, vipimo vya maabara na alama ya ubora ya BBN, shirika la viwango la Burundi. Vipimo usiviruke, nakusihi: utafiti wa afya wa 2016–2017 ulikuta zaidi ya nusu ya watoto wa Burundi chini ya miaka 5 wamedumaa, na unga wako utakorogwa kwenye uji wao.